Likizo ya Nyuma ya Nyumba

“Mtoto amezikwa wapi?”

Afisa utumishi aliniuliza hivyo kalamu yake ikiwa tayari juu ya karatasi, kama mtu anayeuliza tarehe ya kuajiriwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amenivutia kiti mwenyewe, akafunga dirisha kwa sababu upepo wa Katesh asubuhi unapenya hata sweta, na kabla ya kufika kwenye swali alikuwa amenipa pole nyingi kuliko nilivyoweza kuzipokea. Lakini swali lilikuwa hilo, na aliyeulizwa alikuwa mimi, mama wa huyo mtoto.

Nilijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, kabla ya wakati wake. Nilipozinduka alikuwa ameshazaliwa, ameishi saa chache, amekufa, yote hayo mimi nikiwa nimelala. Mama yangu na mdogo wake walimfunga kwenye kitenge wakapanda naye gari kwenda nyumbani, kijiji kimoja juu ya Dongobesh. Kesho yake mama alirudi wodini. Alikuwa amebadilisha gauni na kuoga, lakini udongo mwekundu ulikuwa umebaki kwenye kucha zake. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba mwanangu amezikwa. Hakuna aliyeniambia.

“Nyumbani,” nilimjibu afisa.

“Nyumbani wapi? Kwa mume au kwenu?”

“Kwetu. Mbulu.”

“Sawa. Mahali gani? Makaburi ya kanisa? Shamba la ukoo?”

“Sijui.”

Aliinua macho. Nadhani alitegemea nilie, akasogeza hata boksi la tishu. Sikulia. Nilikuwa nimechoka na safari, kidonda kilikuwa kinavuta kila gari lilipokanyaga shimo tangu Dareda, na nilikuwa nimekuja kwa sababu mkuu wa shule alinipigia simu kusema faili langu halijakaa sawa.

“Mwalimu,” alisema, “wewe umesoma, nikueleze tu kama mtu mzima mwenzangu. Likizo ya uzazi inataka uzazi uonekane. Ama tangazo la kizazi, ama, kama Mungu amemchukua, barua ya mtendaji wa kijiji alikozikwa. Hapa nina karatasi ya hospitali. Inasema umefanyiwa upasuaji, kidonda kinaendelea vizuri, upumzike. Mtoto haonekani popote.”

“Kwani nilipasuliwa wakitafuta nini?”

Aliguna, karibu acheke. “Usinigeuzie kibao, mwalimu. Mimi najua. Faili ndilo halijui.”

Kisha akanipa njia ya mkato. Tuandike ugonjwa, alisema, na alishusha sauti kama mtu anayenifanyia hisani, na kwa kweli alikuwa ananifanyia hisani. Daktari alikuwa ameniandikia siku za mapumziko, ile karatasi ambayo watumishi wote tunaiita ED. Nizimalize, nirudi darasani, na zamu yangu ya uzazi ibaki salama. Kwa taratibu alizonisomea, likizo ya uzazi haiji kila ukitaka, ina miaka yake ya kungoja. Nikijaliwa tena hata mwakani, hakuna atakayeniuliza kitu.

“Na mtoto?” niliuliza.

“Mtoto yuko kwa Mungu, mwalimu. Mimi naongelea faili.”

Nilimwomba muda. Akanipa hadi ED itakapoisha, na zilikuwa zimebaki siku za kuhesabika. Nilipanda gari kurudi Dongobesh nikiwa na kazi moja tu kichwani: kujua alipozikwa, ili mtendaji aandike, ili faili lijue. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali nilikuwa na kitu cha kutaka. Zile siku themanini na nne za uzazi ambazo walimu wenzangu wa kike huzitaja kwa furaha kama wanavyotaja sikukuu sikuzitaka kwa ajili ya mapumziko. Nilitaka sentensi moja kwenye karatasi ya serikali inayosema kwamba alikuwapo.

Mume wangu asingeweza kunisaidia. Ni fundi wa mitambo mgodini, kanda ya ziwa, na ruhusa ambayo mwajiri wake humpa baba wa mtoto mchanga iliishia zaidi njiani, kuja na kurudi. Alifika wodini akiwa na vumbi kwenye nyusi, akakaa pembeni ya kitanda akishika bomba la dripu badala ya mkono wangu, akaondoka. Wazazi wake wako mbali, mkoa mwingine. Ndiyo maana nilirudi kwa mama.

Na kurudi kwa mama kulikuwa na sheria zake.

Kwetu mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga hukaa pembeni. Kwa Kiiraqw kuna neno lake, metimani, na wazee wakilitamka hushusha sauti. Hashiki mkono wa mtu. Hapiti kwenye uwanja wa jirani. Haendi zizini, hakamui, hagusi chombo cha maziwa. Anakula kwenye sahani yake na kunywa kwenye kikombe chake. Wengi siku hizi wameacha, mahubiri yamesema, shule zimesema, na mama mwenyewe ni mwimbaji wa kwaya tangu sijazaliwa. Lakini nilipoteremka kwenye gari siku ile ya kutoka hospitali, nilikuta kikombe kipya cha bati juu ya kigoda nyuma ya nyumba, na nikajua ni changu.

Nilisoma chuo kikuu. Nilisoma historia, na kwa miaka mitatu nilifundishwa kuuliza kila desturi imetoka wapi, inamnufaisha nani, inamnyima nani. Nilikuwa mwanafunzi wa kupenda kuinua mkono. Sasa desturi ilikuwa imenikalisha kwenye kigoda, na wa kumwuliza alikuwa mama.

“Kinachochafuka ni nini hasa?” nilimwuliza. “Mimi, au kikombe?”

“Kunywa uji.”

“Nani aliamua kwamba mtu akifiwa ndiyo asishikwe mkono?”

“Wewe tangu mdogo unauliza mpaka ng’ombe wanachoka,” alisema. “Kaa hapo, uote jua.”

Hata hilo jua lilikuwa na kasoro. Kigoda alikiweka kati ya ukuta wa jiko na tuta la vitunguu swaumu, mahali ambapo kivuli cha nyumba huchelewa kuondoka. Mbele ya nyumba jua lilifika mapema zaidi, na kule simu ilishika hata intaneti, huku nyuma ilipokea simu za kawaida tu. Siku moja nilikibeba kigoda mwenyewe, kwa maumivu, nikakipeleka mbele. Nilipotoka kujisaidia nilikikuta kimerudishwa palepale, juu ya mabua makavu ya mahindi ambayo mama alikuwa ameyatandaza. Nilidhani ni kwa ajili ya miguu yangu, isipate baridi ya udongo.

Majirani walisalimia kutoka mpakani. Walisimama kwenye mstari wa minyaa, wakakohoa kidogo ili tujue wapo, wakasema pole, wakaondoka. Asubuhi tulikuta wameacha kuni palepale mpakani, siku nyingine maboga, siku moja kuku amefungwa miguu. Mama alizichukua bila kwenda kushukuru. Nilikuwa na hasira nao. Niliwaza: wananiogopa. Walikuja kwenye sherehe yangu ya kumaliza chuo wakanikumbatia mpaka gauni likachafuka, na sasa wananiona kama ugonjwa wa mifugo.

Niliporudi kutoka Katesh siku ile, nilimkuta mama amesimama getini. Hakutaka niende, alisema aliye kwenye siku za kukaa pembeni hapandi gari la watu. Nilimsalimia, nikamweleza yote, afisa, faili, barua. Mama anakielewa Kiswahili vizuri, lakini mambo mazito huyajibu kwa Kiiraqw, na hapo aliniacha niongee mpaka mwisho kwa Kiswahili cha ofisini.

“Kwa hiyo wanataka kaburi,” alisema.

“Wanataka barua. Mtendaji ndiye atataka kujua kaburi lilipo.”

“Na wewe?”

“Na mimi.”

Alichukua muda mrefu kufungua fundo la kanga. “Mama wa mtoto haonyeshwi,” alisema mwishowe. “Ukionyeshwa hutainuka hapo. Siku zako zikitimia, ukizaa mwingine, utaonyeshwa.”

“Siku zangu zinatimia lini?”

“Mahindi yakivunwa.”

Mahindi yalikuwa hayajafika magotini.

Usiku huo na siku zilizofuata nilisoma kanuni za utumishi kwenye simu, nikisimama kwenye kichuguu kidogo mbele ya nyumba ambapo mtandao ulikuja na kuondoka. Nilitaka kuikuta sheria katili, ningeweza kupigana nayo. Haikuwa katili. Iliwataja mama, baba, mume, mke, mtoto. Iliwapa siku wanaozaa na siku wanaozika. Nilipata hata sehemu inayomfikiria mwanamke ambaye mtoto wake amekufa akiwa mchanga, asiadhibiwe kwa kuzaa tena mapema. Mtu fulani mahali fulani aliketi akamfikiria. Ila ili sheria ikuone ulihitaji kuthibitisha kuzaliwa au kuthibitisha kufa, na mwanangu alikuwa amefanya yote mawili kwa haraka mno, kabla mtu hajapata kalamu.

Nilifikiria kuomba likizo ya mwaka. Lakini likizo ya mwaka ya mwalimu ni shule zikifungwa, na shule zilikuwa ndiyo kwanza zimefunguliwa.

Mtendaji wa kijiji alikuja kwa pikipiki. Ni mtu wa hapohapo, nilisoma na mdogo wake. Mama mdogo, anayekaa nyumba ya pili, ndiye aliyempelekea ujumbe wangu, kwa sababu mimi sikuruhusiwa kutoka na mama hakutaka kwenda. Alizima pikipiki kwenye minyaa na hakuingia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Simama hapohapo.”

“Nasimama, mama. Pole mwalimu. Pole sana.” Alisema hivyo akinitazama mimi niliyekuwa nimekaa kigodani. “Barua mimi naandika hata leo, muhuri ninao mfukoni. Lakini siwezi kuandika kaburi liko kijijini kwangu sijaonyeshwa. Kesho akija mtu wa halmashauri akiniambia nionyeshe, nitamwonyesha nini? Shamba la viazi?”

“Mwambie mtoto yuko kwake,” mama alisema.

“Kwake ni wapi, mama?”

“Kwake.”

“Mama, serikali haiandiki hivyo.”

“Basi isiandike. Alikufa bila kuiuliza.”

“Mama!” nilisema. “Anataka kunisaidia. Mwonyeshe yeye basi, kama mimi siruhusiwi. Mimi nitaingia ndani, nitafumba macho.”

Mama alikuwa anachambua vitunguu. Hakuacha. “Yeye ni mwanaume na ana mdomo. Akioneshwa asubuhi, jioni wanaonyeshana mnadani.”

Mtendaji alicheka kidogo kwa kukosa la kufanya. Kisha akanitazama tena, muda mrefu zaidi. Alitazama kigoda, akatazama mabua chini ya miguu yangu. Alivua kofia ngumu ya pikipiki, akaishika kifuani, akainamisha kichwa, halafu akaivaa. Nilidhani ni jasho. Akasema, “Mwalimu, usihangaike sana na hii barua,” akawasha pikipiki akaondoka.

Nilimchukia kwa maneno hayo. Niliona wameshaelewana, yeye na mama, watu wa kijiji dhidi yangu, na kwamba mimi peke yangu ndiye nilikuwa upande wa mtoto.

“Niambie,” nilimwambia mama baada ya hapo. Sikuwa nauliza tena kama mwanafunzi. Nilikuwa nimeshika kanga yake. “Sitaenda. Nitajua tu. Wapi?”

Macho yake yalijaa. Sikuwahi kumwona mama akilia, hata alipofariki baba. Alitoa mkono wangu polepole kwenye kanga, akaniinamia, akanikalisha. “Kaa hapo, mwanangu,” alisema. “Kaa tu hapo.”

Siku ya mwisho ya ED nilimpigia afisa utumishi simu nikiwa juu ya kichuguu. Nilimwambia aandike ugonjwa. Alisema, “Umefanya la busara, mwalimu, Mungu atakupa mwingine,” na nikasikia anafungua droo. Kesho yake nilivaa sketi iliyolegea, nikafunga tumbo kwa kanga, nikatoka. Mama hakunizuia. Alinipa kikombe cha bati, nikakikataa, akasimama nacho mkononi mpaka pikipiki iliyonibeba ilipokata kona.

Shule ninayofundisha iko upande wa Hanang, maeneo ya Masakta, tambarare ambayo mlima unaiona yote. Ukiandika ubaoni umeupa mlima mgongo, na ukigeuka kuwatazama wanafunzi unauona dirishani nyuma yao, na mawingu yamekaa juu yake kama kawaida. Siku ya kwanza nilifundisha kidato cha pili. Sikumbuki mada. Nakumbuka kwamba mtoto wa mtu fulani, kwenye nyumba za walimu, alianza kulia, na maziwa yakatoka. Yalilowanisha blauzi pande zote mbili mbele ya darasa zima. Wasichana wa mbele wakainamisha vichwa wakaanza kuandika kwa bidii, ingawa sikuwa nimesema kitu cha kuandikwa. Nilishika daftari la maandalio kifuani mpaka kengele.

Mkuu wa shule alinipunguzia vipindi bila kuniambia, niliona tu kwenye ratiba. Ofisini walimu walizungumza kwa sauti za chini nikiingia, na yule wa hesabu, ambaye hunitania kila siku kwamba historia ni umbea wa watu waliokufa, aliufunga mdomo katikati ya utani. Nilitamani aumalizie.

Mpishi wa shule, mwanamke mwenye umri wa mama yangu, mtu wa Mbulu aliyeolewa huku, alinipa chai kwenye kikombe cha peke yake. Wengine wote walikuwa na vile vya plastiki vya bluu. Changu kilikuwa cha bati.

“Hiki ni cha nini?” niliuliza mbele ya watu.

“Cha kunywea chai.”

“Mama, mimi nimetoka Mbulu kuvikimbia hivi vikombe.”

Alinisogelea, akijifuta mikono kwenye aproni. “Siku zako hazijatimia wewe. Nani amekuruhusu kutoka?”

“Halmashauri.”

“Halmashauri imezaa lini?”

Walimu walicheka, kisha wakaona aibu kwa kucheka. Nilikunywa chai kwenye kikombe cha bluu cha mtu mwingine, nikakirudisha mezani kwa kishindo. Nilidhani nimeshinda. Jioni kwenye chumba changu nililala nimevaa viatu, nikijiuliza kama mtu anaweza kuwa na hasira na kila upande na bado awe na akili timamu. Serikali ilisema sikuzaa. Desturi ilisema nimezaa na nimefiwa, na kwa hiyo nisiguswe. Kanisa lilisema ni mapenzi ya Mungu. Niliwauliza wote na kila mmoja alinijibu juu ya jambo lingine.

Nilimpigia mama simu kila siku saa ya mapumziko, saa nne. Zamani ukimpigia mama saa hiyo hapokei, au anapokea akihema, yuko shambani, yuko zizini, anakwambia nitakupigia na hapigi. Miezi ile alipokea mlio wa kwanza. Alikuwa na muda. Hatukuongea mengi. Alisikiliza nikieleza ratiba, mvua ya Hanang, bei ya maharage Endasak.

“Uko wapi?” niliwahi kumwuliza, nikisikia ukimya mwingi nyuma yake.

“Nimekaa kidogo.”

“Wewe? Kukaa?”

“Jua ni zuri,” alisema.

Sikupata mtoto mwaka uliofuata kama afisa alivyonitabiria. Miaka ilipita. Ile zamu yangu ya uzazi iliyohifadhiwa salama ilikaa salama sana. Nilijifunza kuishi na faili linalosema niliumwa. Nilipojazishwa taarifa za watumishi upya, kwenye nafasi ya idadi ya watoto niliandika sifuri, nikaitazama, nikaituma. Kwa mama nilikwenda kila likizo, na sikuuliza tena wapi. Nilijiambia kwamba nimekubali. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeogopa kumwona akilia mara ya pili. Na kwa kuwa sikuwa nimezaa mwingine, yeye naye hakuvunja sharti lake.

Mama alifariki mwaka juzi. Moyo, walisema hospitali.

Ruhusa ya msiba nilipewa kwa simu, kabla sijamaliza sentensi. Afisa alikuwa mwingine, kijana, akasema, “Nenda mwalimu, karatasi zitakufuata.” Na zilifuata kweli. Barua ya mtendaji ilipatikana siku ya mazishi, muhuri ukiwa bado unang’aa wino. Nani angebisha? Kaburi lilikuwa mbele ya nyumba, limejengewa saruji, lina msalaba na maua ya plastiki, kwaya nzima ililiimbia. Mtu yeyote wa halmashauri angeweza kuoneshwa.

Watu walipotawanyika tulibaki mimi na mama mdogo, tunaosha masufuria ya msiba. Majirani wote walikuwa wamenishika mkono. Nilibeba beseni la maji machafu nikazunguka jiko ili niyamwage nyuma, karibu na tuta la vitunguu.

“Hapo hapana!” mama mdogo alipiga kelele. Nilisimama na beseni. Alikuja mbio kwa miguu yake mibovu, akalipokea, akaenda kulimwaga mbali kabisa, kwenye migomba. Aliporudi hakunitazama.

“Kwa nini hapo hapana?” nilimwuliza.

“Wewe na kwa nini zako.”

“Mama mdogo.”

Aliketi chini, palepale kwenye nyasi, akavuta kanga ifunike miguu. “Dada amekwenda,” alisema. “Sasa atanigombeza nani? Tulichimba sisi wawili, mimi na yeye. Jua lilikuwa bado lipo. Mimi nilisema tumpeleke shambani kwa babu yenu, mbali, ndivyo ilivyokuwa zamani. Dada akasema hapana, hapa, karibu na jiko, atakuwa anasikia watu. Tukatandaza mabua watu wasijue.”

Nilitazama chini. Nyasi tu, na majani ya maboga yaliyotambaa kutoka upande wa pili.

“Alisema mama wa mtoto haonyeshwi,” nilisema.

“Haonyeshwi. Dada alishika hilo mpaka mwisho, unamjua. Lakini akaniambia, hakuna aliyesema mama asikae naye. Ndiyo akaleta kigoda.”

Upande wa barabara pikipiki ilipita, mtu akasalimia kutoka kwenye minyaa kwa mazoea, ingawa hapakuwa tena na sababu ya kutoingia. Nilimwuliza mama mdogo kama mama aliumia nilipoondoka kabla siku hazijatimia.

“Aliumia,” alisema. “Lakini siku zako hazikukatika.”

Akanieleza. Kesho yake baada ya mimi kurudi shuleni, mama alimletea ng’ombe wake wote wawili, akamwambia akamue yeye, kwa sababu mwenyewe haruhusiwi kugusa maziwa. Aliacha kwaya. Aliacha kushika watu mikono. Kila asubuhi alitoka na kile kikombe cha bati nilichokikataa, akakaa kwenye kigoda changu juu ya mabua, simu mapajani ikingoja saa nne, mpaka mahindi yalipovunwa.